Michoro ya Shaba ya Majengo ya Uajemi

Kabla ya kamera, Mzungu aliyetaka kuona mji wa Isfahan au magofu ya Persepolis, mji wa kale wa wafalme wa Uajemi, alifungua kitabu cha safari. Ndani yake mlikuwa na picha za misikiti, madaraja na makasri ya Uajemi, Iran ya leo, zilizochapwa kwa bamba la shaba. Msafiri alichora palepale kwenye karatasi. Akirudi kwao, fundi alichonga mchoro huo kwenye bamba, kinyumenyume, akajaza wino kwenye mifereji yake, kisha akakandamiza karatasi juu kwa mtambo.

Kwa hiyo aliyechonga mara nyingi siye aliyeona. Mwingereza Thomas Herbert alifika Persepolis miaka ya 1620. Picha ya magofu katika toleo la kitabu chake la miaka ya 1660 ni kazi ya Wenceslaus Hollar, fundi hodari ambaye hakuwahi kukanyaga Uajemi. Penye pengo, fundi wa namna hiyo alijaza alichokizoea, ndiyo maana nguzo za Uajemi hutokea zikifanana na za Roma.

Cornelis de Bruijn, Mholanzi, alikuwa mchoraji hasa. Alifika Persepolis mwishoni mwa 1704, akakaa wiki nyingi akichora jiwe kwa jiwe, na kitabu chake kikatoka 1711. (Alichonga pia jina lake kwenye magofu yenyewe. Ustaarabu wa kutalii ulikuwa bado mbali.) Daktari Mjerumani Engelbert Kaempfer alikuwa amemtangulia huko, ila yeye ana thamani zaidi kwa Isfahan, alikochora bustani na makasri ya shah, yaani mfalme wa Uajemi.

Kwangu mimi anayewapita wote ni msafiri Carsten Niebuhr, aliyefika Persepolis 1765. Hakuhangaika sana na uzuri. Alinakili maandishi ya kikabari, mwandiko wa kale wa alama zenye umbo la kabari, yaliyo kwenye kuta, alama baada ya alama. Nakala zake ndizo alizotumia Georg Friedrich Grotefend mwaka 1802, akiwa Ujerumani, kutambua majina ya wafalme Dario na Xerxes.

Wafaransa Eugène Flandin na Pascal Coste walifuata 1840 na 1841. Coste alikuwa msanifu majengo, hivyo alipima na kuchora ramani za majengo pamoja na sura zake. Kasri la vioo la Ayeneh Khaneh, kando ya mto Zayandeh huko Isfahan, lilibomolewa mwishoni mwa karne ya 19, na anayetaka kujua lilivyokuwa bado anarudi kwenye michoro ya wawili hao.