Je, wajua kwa nini mkanda wa jeshi huuma hata vidonda vikishapona?

Mwezi wa saba, baridi ya Uyole, Mbeya, ni ya kuvaa sweta mbili. Mama yangu mkubwa alishinda na kitenge kilicholegea. Vidonda vya mkanda wa jeshi vilishakauka tangu mwezi wa tatu, yamebaki mabaka tu ubavuni, lakini sweta ikimgusa hapo anaruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Majirani walisema anadeka. Hakuwa anadeka.

Kirusi cha mkanda wa jeshi ndicho kile kile cha tetekuwanga. Ukishapona tetekuwanga hakitoki mwilini. Hujificha miaka na miaka kwenye mafundo ya neva kando ya uti wa mgongo. Kinga ikishuka kwa uzee au kwa VVU, ambavyo sisi wa Njombe, Iringa na Mbeya tunavijua vizuri mno, kinaamka na kuifuata neva hadi kwenye ngozi. Neva za kulia na za kushoto ni mbali mbali, ndiyo maana upele kwa kawaida hukaa upande mmoja. Ule usemi kwamba mkanda ukizunguka mwili na ncha zake zikakutana mtu anakufa umewatisha wagonjwa bure.

Ngozi hupona, neva ikabaki na jeraha. Mguso wa nguo tu, yenyewe inaupeleka kwenye ubongo kama moto. Dawa za kawaida za maumivu mara nyingi hazifui dafu hapa, hivyo madaktari huanza na amitriptilini au gabapentini, zinazotuliza neva yenyewe.

Zikishindwa, ipo njia ya sindano, bila upasuaji mkubwa. Daktari wa maumivu, mara nyingi yule aliyesomea usingizi na ganzi, huongozwa na picha ya eksirei au ultrasaundi, akapitisha sindano nyembamba mgongoni hadi jirani na neva iliyoumia. Anaweza kuweka ganzi pamoja na steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe. Au ncha ya sindano hutoa mawimbi ya redio kwa mipigo mifupi, joto lisizidi nyuzi 42, ili neva itulie bila kuunguzwa. Mgonjwa hulala kifudifudi akiwa macho, na daktari humuuliza msisimko anausikia wapi. Akijibu "hapo hapo panaponiuma", sindano imefika. Si kila mtu hupona, na kwa wengine nafuu huisha ikabidi kurudia.

Ila upele wa upande mmoja ukijitokeza, usisubiri: asiklovia, dawa ya kupambana na kirusi hiki, hufanya kazi vizuri ikianzwa ndani ya saa 72. Saa hizo mama mkubwa alizimalizia kwa kubandika majani.