Lusia Harris: miaka minne ya Delta State ambayo majedwali ya NCAA hayaioneshi

Nafundisha masenta, wale wachezaji warefu wa chini ya kikapu, wa timu za mpira wa kikapu za wasichana, na kila msimu wa vyuo vya Marekani unapopamba moto swali huwa lile lile: nani mkali kuliko wote waliowahi kupita? Mwaka 2024 jina lililokuwa midomoni mwa kila mtu ni Caitlin Clark wa Iowa, aliyemaliza chuo na pointi 3,951. Anastahili sifa zake zote. Mimi lakini hesabu yangu huianza kwa Lusia Harris.

Wengi hawajamsikia, na hilo halitokani na alichokifanya uwanjani. Harris aliichezea Delta State, chuo cha mji mdogo wa Cleveland, Mississippi, hadi 1977. NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani ambacho daftari lake la rekodi ndilo tunalolinukuu leo, kilianza kuandaa ubingwa wa kikapu cha wanawake mwaka 1982. Kabla ya hapo wanawake walikuwa na chama chao, AIAW. Ubingwa wa NCAA ulipoanza, chama hicho kikafa muda mfupi baadaye, na rekodi zake zikabaki huko huko.

Sasa zitazame namba zenyewe. Mechi 115, pointi 2,981, ribaundi (mipira aliyoidaka baada ya mtupo kukosa) 1,662. Ni wastani wa pointi 25.9 na ribaundi 14.5 kwa mechi. Msimu wa 1975/76 alifikisha wastani wa pointi 31.2. Katika mechi hizo 115 timu yake ilipoteza 6 tu. Mwaka 1977 alicheza Madison Square Garden, New York, akafunga pointi 47 peke yake.

Kinachonishangaza zaidi kama mwalimu wa masenta ni asilimia ya mitupo iliyoingia: 63.3. Ili uone uzito wake, kumbuka kwamba enzi hizo mstari wa pointi tatu haukuwepo. Leo senta akibanwa na walinzi wawili, anautoa mpira nje kwa mtupaji aliyeachwa peke yake, na walinzi wanaadhibiwa kwa pointi tatu. Ndiyo maana makocha wengi huogopa kumbana. Enzi za Harris kumbana hakukuwa na gharama kubwa: mwache wa nje atupe kutoka mbali, akipata ni mbili tu, na wote mjazane chini ya kikapu. Yeye, mwenye urefu wa sentimita 191 hivi, aliishi ndani ya msongamano huo. Na mpira alioushika ulikuwa saizi ya wanaume. Ule mdogo wa wanawake ulianza kutumika vyuoni mwaka 1984.

Wasichana ninaowafundisha huwaeleza hivi: senta anayefunga akiwa amebanwa amemaliza kazi kabla mpira haujamfikia. Mgongo umeelekea kikapu, magoti yamekunjwa, nyonga imeshamgusa mlinzi na kujua amelalia upande gani. Mpira ukitua mikononi ni hatua moja ya mguu, bega linageuka, tupa. Ukianza kudunda, umechelewa, mikono minne imeshafika. Asilimia 63 katika uwanja uliosongamana namna ile haipatikani kwa urefu peke yake.

Halafu kuna jambo ninalopenda kulifanyia hesabu. Kati ya mitupo ya Clark iliyoingia, 548 ilikuwa ya pointi tatu. Ukiihesabu kwa pointi mbili mbili, kama ilivyokuwa miaka ya 1970, anabaki na 3,403 katika mechi 139, yaani wastani wa 24.5. Najua Clark angecheza tofauti bila mstari ule, na hesabu hii haimshushi. Inaonesha tu kwamba hawa wawili wanakaa meza moja.

Harris alikaribia kutofika Delta State kabisa. Alilelewa Minter City, huko huko Mississippi, na alikuwa amepanga kwenda Alcorn State, ambako hakukuwa na timu ya wanawake. Delta State walimwahi kwa kuwa ndio kwanza walikuwa wanaifufua yao. Chuo hicho kilikuwa kimeifuta timu ya wanawake miaka ya 1930 kwa madai kwamba mchezo ni mzito mno kwa mabinti, na mmoja wa wachezaji wa wakati ule, Margaret Wade, aliungana na wenzake kuchoma jezi zao kwa uchungu. Mwaka 1973 Wade huyo huyo, akiwa ameshavuka miaka 60, akaitwa kuja kufundisha timu mpya. Harris alikuwa mchezaji pekee Mweusi kikosini.

Wakati huo kikapu cha wanawake kilikuwa na mwenyewe: Immaculata, chuo kidogo cha Kikatoliki cha Pennsylvania kilichochukua ubingwa mara tatu mfululizo. Mwaka 1975 Delta State waliwafunga 90 kwa 81 fainali, wakamaliza msimu bila kupoteza hata mechi moja. Mwaka 1976 wakawafunga tena fainali, 69 kwa 64. Mwaka 1977 zamu ya kufungwa fainali ikawa ya LSU, chuo kikuu cha Louisiana, 68 kwa 55. Kati ya ubingwa wa pili na wa tatu Harris alikwenda Olimpiki ya Montreal, mara ya kwanza wanawake kucheza kikapu huko, akafunga kikapu cha kwanza kabisa cha mashindano na kurudi na medali ya fedha.

Baada ya hapo hapakuwa na pa kwenda. Mwaka 1977 New Orleans Jazz ya NBA, ligi ya kulipwa ya wanaume, ilimchagua raundi ya saba ya uteuzi wa wachezaji wapya. Alikuwa mjamzito, akakataa. Ligi ya kulipwa ya wanawake ilizaliwa mwaka uliofuata na kudumu misimu mitatu tu. Humo aliichezea Houston Angels kwa muda mfupi. WNBA, ligi ya wanawake ya sasa, ilipoanza 1997 alikuwa na miaka 42. Kwa hiyo mwaka 1992, Jumba la Heshima la Naismith, linaloenzi magwiji wa kikapu, lilipomwingiza, mwanamke Mweusi wa kwanza kuingia humo, kipimo walichokuwa nacho kilikuwa karibu Delta State na Montreal tu, na kikatosha.