Kipawa cha mtoto hakisubiri matokeo ya darasa la saba

Orodha ya waliochaguliwa kujiunga na kidato cha kwanza ikishatoka, wazazi hupanga foleni mlangoni kwetu tangu asubuhi. Swali lao ni moja. Mwanangu alikuwa wa kwanza shuleni, amepata A masomo yote, mbona hakupangiwa shule ya vipaji maalumu? Safari hii malalamiko yamezidi, nami nimefanya kazi ya elimu maalumu katika halmashauri za huku Kusini kwa miaka mingi, kwa hiyo naona ni wajibu wangu kulieleza jambo hili kwa maandishi. Najua kila mzazi anayefika ofisini anamtakia mwanawe mema.

Nianze na upangaji wa shule ili tulimalize. Shule za Serikali za vipaji maalumu zinazopokea kidato cha kwanza ni saba: Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Msalato, Tabora Wavulana na Tabora Wasichana. Hakuna hata moja iliyoko Lindi wala Mtwara. Uchaguzi hufanywa na Ofisi ya Rais – TAMISEMI kwa kufuata alama za mtihani wa darasa la saba unaoendeshwa na NECTA, yaani Baraza la Mitihani. Kila somo lina alama 50, na kuanzia 41 hadi 50 zote huandikwa A. Kwa hiyo aliyepata 41 na aliyepata 50 wana herufi moja kwenye karatasi, lakini hawana alama moja. Mwalimu mkuu hapangi, afisa elimu kata hapangi, na mimi pia sipangi. Tafadhali tusiendelee kulaumiana kwa hili.

Anayekwambia ana mtu wake Dodoma atakayemwingiza mtoto Ilboru kwa "kitu kidogo" ni tapeli, na akiwa mtumishi kweli, basi wewe na yeye mnatenda kosa. Kwa kifungu cha 15 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, Na. 11 ya mwaka 2007, mtoaji na mpokeaji wote wanashtakiwa. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi 500,000 na isiyozidi shilingi milioni moja, au kifungo kisichopungua miaka mitatu na kisichozidi mitano, au vyote viwili. Taarifa hupokelewa na taasisi ya kuzuia rushwa, TAKUKURU, kwa simu 113, bila malipo. Wapo pia wanaomrudisha mtoto darasa la saba kwa jina la mtoto mwingine ili "ajaribu tena". Kila mwanafunzi ana namba yake ya PReM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi, inayomfuata tangu shule ya msingi, na udanganyifu wa namna hiyo ukigundulika matokeo hufutwa. Unakuwa umemharibia mwanao kwa mkono wako mwenyewe.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Wazazi wengi wanaamini mtoto ana kipawa pale Serikali inapompangia shule yenye jina hilo. Si hivyo hata kidogo. Katika fani yetu, kipawa ni uwezo mtoto anaokuja nao, na kipaji ni uwezo huohuo ukishanolewa na mwalimu, mazoezi na muda. Mtihani wa siku mbili, mtoto akiwa na miaka kumi na mitatu, unaona kipande kidogo tu cha hayo. Mwaka 1921 Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alianza kuwakusanya watoto wenye akili nyingi kwa kutumia kipimo cha akili kiitwacho IQ na kuwafuatilia maishani mwao. Wawili kati ya waliopimwa waliachwa kwa sababu alama zao hazikutosha: William Shockley na Luis Alvarez. Wote wawili walikuja kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia, mmoja 1956, mwingine 1968. Ikiwa kipimo cha bingwa kiliwakosa hao, tusishangae mtihani wetu ukimkosa mtoto wa Nanyamba.

Niliwahi kukaa kwenye baraza moja Mikindani nikisubiri gari, wazee wawili wanacheza bao. Wanaolijua bao wanaelewa: mashimo 32, kete 64, na mkono mmoja ukianza kusambaza unaweza kula na kuzunguka mara nne kabla ya kulala, yaani kuishia kwenye shimo tupu na zamu kwisha. Pembeni alichuchumaa mtoto wa miaka kama tisa, sare ya shule mwilini, saa nne asubuhi. Mzee mmoja alipochota kete, kabla hajaangusha hata moja, yule mtoto akanyoosha kidole kwenye shimo la upande wa pili akasema kwa sauti ya chini, "Atalala pale." Mzee akasambaza, akala, akazunguka, akala tena, akalala palepale. Nikakaa hadi gari likaniacha. Mtoto alibashiri mara sita, akakosea moja.

Nilimfuatilia hadi shuleni kwake. Darasa la tatu, wa 41 kati ya wanafunzi 58. Mwalimu wake alinieleza kwa nia njema kabisa kwamba ni mtoro, mtundu na "kichwa kigumu". Tulipompima, hesabu za kichwa alikuwa amewapita watoto wa darasa la sita, ila kusoma kulimtesa: herufi zilimchanganya, mstari mmoja ulimchukua dakika nzima. Alikuwa na vyote viwili, kipawa na ugumu wa kusoma. Watoto wa namna hii ndio tunaowapoteza kuliko wote, kwa sababu udhaifu unaficha kipawa, na kipawa nacho kinaficha udhaifu. Kila anayewatazama anamwona mtoto wa kawaida asiyejituma.

Ndiyo maana nasema mtoto mwenye kipawa mara nyingi hafanani na picha tuliyonayo, ya mtoto mtulivu wa kwanza darasani. Anauliza maswali yasiyoisha. Akishaelewa, anachoka kurudia na anaanza kuchokoza wenzake. Anaweza kuganda kwenye jambo moja saa tatu: kuchonga mpingo, kufungua redio iliyokufa, kupiga danadana, kukariri majina ya nchi. Wenzake wanamwita mjuaji, na nyumbani anaambiwa ana mdomo. Taratibu anajifunza kunyamaza. Wasichana hunyamaza mapema zaidi.

Kwa walimu nina mambo mawili, na ninayasema kwa heshima kwa sababu najua darasa la watoto 90 lilivyo. Kwanza, swali la mtoto si utovu wa nidhamu. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinaeleweka: adhabu hutolewa na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, kwa kosa kubwa, viboko visizidi vinne, msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo shuleni, na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu. Mtoto kusema "mwalimu, hapo umekosea" hakumo humo. Pili, mkimpata mtoto mwepesi msimgeuze kuwa msaidizi wenu wa kudumu. Kila siku yeye ndiye anayesahihisha madaftari, kuandika ubaoni, kushika majina ya wapiga kelele. Akimaliza maswali kumi ya kuzidisha, hahitaji mengine kumi ya aina ileile. Mpe moja gumu lisilo na njia iliyozoeleka. Mwambie apime kivuli cha mnazi wa shuleni na cha fimbo ya mita moja, atafute urefu wa mnazi. Hilo halihitaji bajeti.

Kwa wazazi, adui wa kwanza huku kwetu ni msimu. Korosho zinadondoka na minada inafunguliwa Oktoba, na mwishoni mwa Oktoba hiyohiyo darasa la nne wanafanya upimaji wa kitaifa. Nani anabakizwa shambani? Yule hodari. Yule anayejua kuhesabu magunia, anayesoma mizani pale AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, baba asipunjwe, anayekumbuka deni la kila mtu. Nimemwona binti wa darasa la nne Tandahimba akipiga hesabu ya kilo, bei na makato kichwani, karani bado anatafuta kalamu, na siku hiyo ilikuwa Jumatano ya masomo. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 haikatazi mtoto kusaidia nyumbani. Inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, isiyomdhuru wala kumzuia kwenda shule, na inakataza kumwajiri mtoto usiku, kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Mzazi anayemnyima mtoto haki zake za msingi, elimu ikiwemo, anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni tano, au kufungwa kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote. Huko tusifike. Kazi ya shamba mwachie Jumamosi.

Sina ugomvi na jando wala unyago. Mimi ni mtu wa huku. Manyakanga, walimu wa jando na unyago, wanawatambua watoto wenye kipawa kabla yetu, maana wanamwona mwali anayeshika nyimbo zote kwa usiku mmoja. Ninachoomba ngoma zibaki ndani ya likizo, na binti akitoka asiambiwe amekuwa mtu mzima wa kuolewa. Kumwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari ni kosa chini ya Sheria ya Elimu, Sura ya 353, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, na kifungo chake ni miaka 30. Na aliyekatishwa masomo kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi shuleni tangu Novemba 2021. Bado nakutana na wazazi wanaobisha hili. Waraka upo, msibishe.

Kumsifu nako kuna namna yake. Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha mwaka 1998 kwamba watoto waliosifiwa kuwa "una akili" walikwepa maswali magumu baadaye, wakati waliosifiwa kwa bidii waliyakimbilia. Kwa hiyo badala ya "mwanangu genius", muulize amefikaje kwenye jibu, na usikilize mpaka mwisho. Muulize kwa Kimakonde, Kimwera au Kiyao, lugha yoyote mnayoongea nyumbani. Lugha ya nyumbani haipunguzi akili. Mpeleke maktaba ya mkoa. Akipenda mpira, msimdharau: UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, imewahi kuchezwa kitaifa hapahapa Mtwara, na mtoto wa kijijini huonekana huko. Akipenda kubuni vitu, ulizeni shuleni kuhusu MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu yaliyoanza 2019.

Na mtoto akipangiwa mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na kazi za mikono, usije kulia ofisini kwamba ametupwa. Mtaala ulioanza Januari 2024 umeuweka mkondo huo sambamba na elimu ya jumla. Huku ni kwa Wamakonde, watu ambao vinyago vyao viko kwenye majumba ya makumbusho ya dunia. Inaniuma kusikia mjukuu wa mchonga vinyago akiambiwa kazi ya mikono ni ya waliofeli.

Ukihisi mwanao ana kipawa, anza na mwalimu wa darasa. Mkubaliane muandike anachofanya kwa muhula mmoja: tarehe, tukio, maneno yake mwenyewe. Kisha mwalimu mkuu alete taarifa kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri yenu, naye atapanga siku ya kumpima. Huduma hii hailipiwi. Usilete matokeo peke yake, maana hayo tunayo. Leta daftari alilochora nyuma, gari la makopo alilotengeneza, redio aliyoifungua hata kama hajaweza kuifunga, na umlete mwenyewe akiwa ameshiba.