"Kocha, mi najua kuogelea": uongo nnaousikia kwa kila familia inayokuja kupiga kambi na kuvua kwa kayaki

Mi kazi yangu kufundisha watu kupiga kasia na kuvua kwa kayaki, ule mtumbwi mdogo mwembamba, na kila familia ikifika ziwani na mahema yake na ndoo za chambo, kabla hata hatujashusha kitu lazima baba mmoja aniambie, "Kocha, mi najua kuogelea, jaketi la kuokolea maisha nimelifunga hapo nyuma, nikilihitaji nalivaa." Nimechoka jamani. Leo naijibu kwa kirefu, mkija msinianzishie tena.

Kwanza hiyo "nikilihitaji". Ukilihitaji ushachelewa. Kayaki haikupigii hodi kwamba inapinduka, mara nyingi samaki kaletwa mpaka ubavuni, we umeinama na wavu, kichwa kikishatoka nje ya kayaki mwili nao unafuata, kufumba na kufumbua upo chini ya maji na mdomo wazi. Na maji yakiwa chini ya nyuzi 15 mwili unashtuka, unavuta pumzi kwa nguvu bila kupenda halafu unahema ovyo kwa dakika moja mpaka tatu, sasa ile pumzi ya kwanza ikikukuta kichwa kikiwa chini unavuta maji, hata uwe na medali za kuogelea. Na msiniambie jua lilikuwa kali! Hewa inapata joto asubuhi moja tu, ziwa lenye kina linachukua wiki kibao, kwa hiyo kabla ya kuchagua nguo tia mkono majini, usiangalie mawingu.

Profesa Gordon Giesbrecht wa Kanada, mtafiti wa mambo ya baridi, anafundisha hesabu ya 1-10-1: dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika kama 10 ambazo mikono na miguu bado inakutii, na saa 1 hivi kabla baridi haijakupotezea fahamu. Hiyo namba ya katikati ndo watu hawaijui. Wanaogopa kuganda, kumbe mikono inakufa ganzi mapema zaidi na fundi wa kuogelea anashindwa kuogelea kama mtu yeyote yule. Na ile saa nzima ya mwisho ni ya mwenye jaketi mwilini, asiye nalo haifikii.

"Basi ntashika kayaki." Utaishika kama ipo. Kayaki tupu ni nyepesi, upepo kidogo tu inateleza haraka kuliko unavyoweza kuikimbiza na nguo zimeloa, na hilo jaketi ulilolifunga nyuma linaondoka nayo.

Ndo maana kwangu hakuna anayetoka kuvua kabla hatujaingia kwenye maji ya kiunoni, baba mama watoto wote, tukapindua kayaki makusudi na kila mtu akapanda tena mwenyewe. Anayebisha namrushia jaketi pale asipogusa chini, nikiwa pembeni yake, nasema haya livae tunakuona. Zipu, mikanda, linamtoka kichwani, watoto wanacheka, ubishi unaisha. Kama linakubana ukirusha ndoano tafuta lile la wavuvi wa kayaki, mgongoni lile povu gumu la kuelea lipo juu tu ili lisigombane na kiti, na mifuko ya koleo na ndoano ipo mbele.

La mtoto ndo msinunue "la kukulia". Angalia uzito kwenye lebo, mvalishe, funga kila kitu, kisha shika mabegani uvute juu, likimpanda masikioni halimfai, na kwa mdogo hakikisha lina mkanda wa kupita katikati ya miguu. Yale maboya ya mikononi ya kujaza upepo ni midoli, sitaki hata kuyaona.

Mwenzake wa huo uongo ni "akizama si tutamsikia". Hamtamsikia. Anayezama anapigania hewa, hana pumzi ya kuita, mikono inasukuma maji chini badala ya kupunga, na inaweza kuwa chini ya dakika moja kashapotea. Hatari kubwa ni ile saa ya kusimamisha hema, wakubwa wote wameinamia vigingi kila mmoja akidhani mwenzie anawaangalia watoto. Mtajeni mtu mmoja kwa jina, aweke simu mfukoni, akichoka akabidhi kwa mdomo.

Mengine haraka haraka.

Jiko la makaa ndani ya hema "tupate joto", hapana, hata ufungue zipu, hata makaa yaonekane yamekufa. Ile hewa ya sumu haina harufu, watu wanalala hawaamki.

Pombe haipashi joto, inapeleka damu kwenye ngozi unajisikia vizuri huku joto la mwili linatoka.

Nanga haifungwi ubavuni, ifunge mbele au nyuma, na kisu cha kukatia kamba kiwe kifuani.

Radi: ukisikia ngurumo ujue inaweza kukufikia, toka majini, laza fimbo ya kuvulia chini hasa ile ya kaboni manake inapitisha umeme, na msikimbilie hema, ingieni kwenye gari lenye bodi ya chuma mkae mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Maji ya ziwa kung'aa sio usafi, vijidudu vya kuharisha havionekani kwa macho, chemsha yatokote dakika moja nzima, na mkiwa juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari fanya tatu.

Halafu hii ya kuwanyamazisha watoto ati samaki watakimbia. Sauti ya kuongea juu ya maji sehemu kubwa inarudi hewani, kinachomfikia samaki ni kasia likigonga kayaki na kisanduku cha ndoano kikiburutwa. Waacheni waongee, tandikeni kitambaa chini ya hicho kisanduku.