Fomati ya Video na Picha Safi: Dhana Potofu na Ukweli

Mtu akiingia katika duka la picha na video mjini Kisumu akiwa na flashi yenye harusi ya dada yake, huenda akaulizwa kama anataka anakiliwe kwa MP4 au kwa AVI, ambazo ni fomati, yaani aina za faili za video. Wengi hujibu MP4 bila kusita, kwa kuwa wamesikia kwamba ndiyo yenye picha safi. Hiyo ndiyo dhana inayozaa nyingine zote.

Ukweli ni kwamba MP4, AVI, MKV na MOV ni vifungashio tu, na kifungashio hakisemi lolote kuhusu usafi wa picha, kama vile gunia lisivyoweza kukueleza ikiwa mahindi yaliyomo yamekaushwa vizuri au yameliwa na fukusi. Yanayoamua ni mambo mawili yaliyomo ndani: kodeki, yaani mbinu iliyotumika kubana picha, na kiasi cha data kilichotengewa kila sekunde ya video. Faili mbili za MP4 zinaweza kutofautiana kabisa, moja ikiwa imebanwa kwa kodeki iitwayo H.264, iliyoidhinishwa mwaka wa 2003, na nyingine kwa H.265, iliyokuja mwaka wa 2013. MOV na MP4 zenyewe ni ndugu wa karibu, kwa sababu MP4 ilijengwa juu ya muundo wa QuickTime wa kampuni ya Apple, na ndiyo maana video ya H.264 inaweza kuhamishwa kutoka MOV hadi MP4 kwa muda mfupi bila kupoteza hata pikseli moja, yaani nukta moja ya picha. Kubadilisha herufi za mwisho wa jina la faili, kama wafanyavyo baadhi ya watu, hakuhamishi chochote. Ni jina tu lililobadilika.

Dhana ya pili, ambayo imeenezwa na matangazo ya simu, ni kwamba video ya 4K lazima iwe safi kuliko ya 1080p. Ni kweli kwamba fremu ya 4K, yaani picha moja kati ya zile zinazofuatana na kuunda video, ina pikseli 8,294,400, ambazo ni mara nne ya pikseli 2,073,600 za 1080p. Hata hivyo, pikseli hizo zote zinahitaji kulishwa data. YouTube huwashauri wanaopakia video za 1080p zenye fremu 30 kwa sekunde watumie takriban megabiti 8 kwa sekunde, na kwa 4K ya kasi hiyohiyo inashauri megabiti 35 hadi 45. Fundi akikutolea 4K kwa megabiti 8 ili ienee kwenye flashi ndogo, amekupa pikseli nyingi zenye njaa.

Njaa hiyo huonekana wazi katika sherehe zetu za magharibi mwa Kenya. Chukua ngoma ya isukuti inayochezwa uani huko Kakamega: mabega yanatetemeka, vumbi linatimka, na nyuma ya wachezaji majani ya migomba yanapepea. Kodeki huokoa nafasi kwa kuhifadhi zaidi kile kilichobadilika kati ya fremu moja na inayofuata, kwa hiyo ukuta uliotulia hugharimu data kidogo sana, ilhali jani linalopepea hugharimu nyingi. Data inapopungua, miguu ya wachezaji na majani yale huvunjika kuwa vijimraba, na sura za watu hulainika hadi kuonekana kama zimepakwa nta. Maji ya ziwa yanayometameta pale Dunga huleta shida iyo hiyo. Kinyume chake, babu anayehojiwa akiwa ameketi kwenye kochi hupendeza hata kwa data kidogo, na hapo ndipo watu hudanganyika wakadhani kwamba mpangilio uliofaa mahojiano utafaa pia ngoma.

Hesabu ya kukagua jambo hili haihitaji utaalamu. Kwa kuwa biti 8 ni baiti moja, megabiti 8 kwa sekunde ni megabaiti 60 kwa dakika, au gigabaiti 3.6 kwa saa. Ukipewa harusi ya saa moja inayoitwa 1080p lakini faili yake ina megabaiti 700 tu, na imebanwa kwa H.264, ujue kwamba kila sekunde imepewa chini ya megabiti 2, na umeuziwa jina.

Mwanga hafifu nao huingia katika hesabu hiyo, ingawa watu hulaumu fomati. Sensa ndogo ya simu ikikosa mwanga huongeza chengachenga, na kwa kodeki chengachenga ni mwendo kama mwendo mwingine, hivyo data inatumika kuhifadhi uchafu badala ya nyuso. Kuvuta pazia au kuongeza taa sebuleni kutasaidia kuliko kubadilisha fomati yoyote.

Wapo pia wanaoamini kwamba fremu 60 kwa sekunde ni bora kuliko 30 au 25 kila mahali. Kwa mpira wa watoto uwanjani zinafaa. Ndani ya ukumbi ni tofauti, kwa sababu umeme wa Kenya huenda kwa hezi 50, na taa nyingi humulika na kufifia mara 100 kwa sekunde bila macho kuona. Kamera isiyolingana na mapigo hayo hutoa mistari myeusi inayotambaa kwenye picha. Kuweka kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila fremu, kuwa 1/50 au 1/100 ya sekunde huiondoa mistari hiyo mara nyingi, na fremu 25 au 50 hurahisisha kazi.

Kuhusu H.265, sifa zake ni za haki: hutoa ubora unaokaribiana na wa H.264 kwa takriban nusu ya data, na tangu mfumo wa simu wa iOS 11 wa mwaka wa 2017 simu za iPhone 7 na zilizofuata hurekodi nayo zisipopangwa vingine. Kosa ni kudhani kwamba mbinu mpya inafaa kila nyumba. Televisheni ya zamani ya shangazi kule Siaya inaweza kutoa sauti bila picha, au ikakataa faili kabisa. Kwa nakala ya kugawia jamaa, mimi ningechagua H.264 ndani ya MP4, 1080p, megabiti 8 hadi 12 kwa sekunde, na faili asilia ya kamera ningeibakiza kama ilivyo.

Faili asilia inahitajika kwa sababu kila kubana upya hupunguza kitu, na hakuna programu ya kubadilisha fomati inayorudisha maelezo yaliyokwisha kutupwa. Kanda ya VHS ya harusi ya wazazi ikikuzwa hadi 1080p hupata pikseli nyingi tu, si maelezo mapya. DVD nayo, ambayo bado inaombwa na wazee kwa haki yao, ina pikseli 720 kwa 576, yaani moja ya tano ya 1080p, kwa hiyo isiwe ndiyo hifadhi pekee ya video iliyorekodiwa vizuri.

WhatsApp hulaumiwa kwa sababu isiyo sahihi. Watu husema video imechakaa kwa kuzungushwa katika makundi mengi, ilhali kuisambaza kwa kitufe cha kusambaza kwa kawaida hakuibani tena. Madhara makubwa hutokea mara ya kwanza inapotumwa kama video, na chaguo la HD huyapunguza tu. Ukiituma kama hati, faili hufika ilivyo, mradi isizidi gigabaiti 2; gharama yake ni bando.

Mwisho kuna malalamiko kwamba flashi ya gigabaiti 32 imekataa faili ya gigabaiti 5, na lawama huelekezwa kwa MP4. Tatizo ni FAT32, mfumo ambao flashi hiyo hutumia kupanga faili, usiokubali faili moja kufikia gigabaiti 4. Kuiumbiza upya (format) kwa mfumo mwingine uitwao exFAT huondoa kizuizi hicho, lakini hufuta vyote vilivyomo, na televisheni nyingine za zamani haziusomi mfumo huo. Kwa hizo, ni afadhali harusi ikatwe vipande viwili, kanisani na ukumbini.