Sefu zito halibebeki? Si kweli

Jamani huku Unguja nasikia sana watu wakisema sefu la kilo 60 halina haja ya bolti eti uzito wake unatosha, si kweli, vijana wawili wanalinyanyua wakalifungue mbali kwa nafasi yao. Lifunge sakafuni kwenye zege, bolti za kutanuka za milimita 10 au 12 zipite matundu ya chini nati ukaze kwa ndani, na vumbi la drili litoe kwanza mana likibaki bolti haishiki vizuri. Mji Mkongwe pia unene wa ukuta usikudanganye, ni mawe ya matumbawe na chokaa, laini ile, mtaimbo unang'oa bolti na kipande cha ukuta. Ghorofani ndo kabisa, sakafu imebebwa na boriti za miti, si zege la kushika bolti.