Kurekodi piano ya straidi jukwaani: mkono wa kushoto kwanza

Straidi, mtindo wa jazi uliokomaa Harlem, New York, mikononi mwa akina James P. Johnson, Willie "The Lion" Smith na Fats Waller, haihitaji mpiga ngoma wala mpiga besi. Kazi za hao wawili hubebwa na mkono wa kushoto: pigo la kwanza na la tatu hushuka kwenye noti nzito ya chini, la pili na la nne huruka hadi katikati ya piano kupiga kodi, yaani noti tatu au nne kwa pamoja. Anayerekodi onyesho la piano peke yake asipoitenganisha besi na kodi, hata mpigaji awe bingwa, kinachobaki ni ngurumo.

Adui wa kwanza ni mwangwi. Kwenye kasi ya mapigo 200 kwa dakika, kila pigo lina sekunde 0.3 tu. Ukumbi ukiwa na mwangwi wa sekunde 1.5, mabaki ya mapigo matano yanarundikana hewani kwa wakati mmoja. Kwa hiyo chagua ukumbi mdogo, wenye mapazia na watu waliojaa, na weka maikrofoni karibu kuliko ungeziweka kwa muziki wa taratibu.

Mimi huanza na kifuniko kikiwa wazi kabisa na maikrofoni mbili za kondensa zinazofanana, kwa mpangilio wa jozi uitwao ORTF: vichwa viachane sentimita 17, pembe kati yake iwe digrii 110. Ziwe mita moja hivi kutoka kwenye mkunjo wa ubavu wa piano, kimo cha mita 1.5, zikitazama nyundo. Mlio ukiwa mkali na besi nyembamba, sogeza jozi kuelekea mkiani, sentimita kumi kumi, huku ukisikiliza. Kuzitenganisha mno juu ya nyaya, moja kwenye besi na moja kwenye noti za juu, sikushauri: mkono wa kushoto utarukaruka kutoka spika moja hadi nyingine.

Usiguse kitufe cha kukata sauti za chini kwenye hezi 80. E ya pili kutoka mwisho wa kushoto wa piano ni hezi 82.4, na besi za straidi hushuka chini ya hapo kila mara. Utakuwa umekata mzizi wa muziki wenyewe. Wengi hukibonyeza kwa sababu ya kishindo cha mguu, maana wapigaji hawa hukanyaga sakafu kwa nguvu. Dawa yake ni kapeti nene chini ya mguu na sponji nzito chini ya stendi.

Rekodi kwa biti 24, kilele kisizidi desibeli -12 wakati wa majaribio, kwani mbele ya watu mpigaji hukaza mkono. Kompresa, kifaa cha kupunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo, iache kabisa. Inaibana besi na kuinua kodi mpaka zilingane, na hapo ule mbembeo unakufa.

Fundi arekebishe noti za piano taa za jukwaa zikiwa zimeshawaka na ukumbi umeshapata joto. Noti nyingi zina nyaya tatu kila moja, na kupigwa kwa nguvu huzifanya ziachane kwa sauti, hasa katikati zinakoangukia kodi. Fundi arudi wakati wa mapumziko kuzirudisha sawa.

Kwa majaribio, mwombe mpigaji avunje mpangilio wa kushoto, mapigo manane yagawanywe 3, 3 na 2, kama Johnson alivyofanya katika "Carolina Shout" aliyoirekodi mwaka 1921. Enzi hizo sauti iliingia kwa pembe ya kukusanyia sauti, bila maikrofoni, na besi ilidhoofika. Hata hivyo mchezo ule unasikika. Sikiliza jaribio lako kwa spika moja. Ukidhani mpigaji amekosea hesabu, besi na kodi bado zimechanganyika: sogeza maikrofoni karibu zaidi, kisha mwombe arudie.